Geti la Baba Mdogo

Kambini,
21 Januari 2024

Shikamoo Babu,

Mjukuu wako Nesta bado anapumua. Miguu ninayo yote miwili, ingawa jioni kama hii nasita kusema ni yangu. Msalimie Baba Mdogo Ferdinand, Mama Mdogo Rozi na watoto. Barua hii naituma kwa anwani ya kanisa, kwa Mwinjilisti Andongwisye, kama ulivyoniagiza siku naondoka. Hukunieleza kwa nini isije nyumbani, na mimi sikuuliza.

Babu, ulinisifia Jeshi la Kujenga Taifa tangu nikiwa darasa la tatu. Ulisema nikijitolea nitatoka na ujuzi, nitatoka na marafiki wa kila mkoa, na kazi serikalini wataniangalia kwanza. Mbona hukusema kuhusu mchakamchaka? Tunakimbia kabla jogoo hajawika, tunaimba huku mapafu yanawaka. Simu zimekusanywa. Ukilia, afande anakuuliza kama machozi yamekwisha ili mwendelee.

Wiki ya kwanza nilitaka kutoroka. Naandika ili nikiri mara moja na yaishe. Nilimtazama msichana wa Kigoma anayelala kitanda cha chini yangu, naye ananitazama, kila mmoja anamngoja mwenzake aanze kufunga begi. Hakuna aliyeanza.

Nyonga inaendeleaje? Tangu ulipoanguka shambani sijaona ukitembea bila fimbo. Daktari amesema lini unaweza kurudi Mbozi? Najua unaiwaza kahawa.

Mimi mchumba wako,
Nesta


Tunduma,
10 Machi 2024

Mchumba wangu Nesta,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa imechakaa pembe, nikajua nayo imepita mafunzo.

Hapa tu wazima. Rozi amefungua duka la pili karibu na stendi. Watoto wanakua na wananicheka ninavyosema Kiswahili kwa lafudhi ya Kinyiha. Mdogo wao amejifunza maneno ya Kibemba kwa akina mama wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wanaokuja kununua mchele, basi ananisalimu "mulishani" na mimi najifanya sikusikia.

Hayo ya mchakamchaka sikukuficha, niliyasahau. Mwaka sitini na nane nilipojitolea nililia pia. Mtu hukumbuka kilichobaki baada ya machozi. Mimi kilichobaki ni kwamba niliingia nikiwa mtoto wa ukoo fulani wa Mbozi, nikatoka nikiwa na ndugu Mmakonde, ndugu Mhaya, ndugu Mzanzibari. Nilijifunza kupiga mstari wa shamba kwa kamba mpaka macho yakaweza bila kamba. Shamba letu lote la kahawa nililipanga hivyo, na bibi yako Enesi, Mungu amrehemu, alikuwa akinishikia upande wa pili.

Nyonga ni nzima. Daktari ni mtu wa kuahirisha. Nakaa uani kwenye kiti, jua zuri, naangalia magurudumu ya malori yakipita. Foleni ya kwenda Zambia haina mwisho. Siku hizi naweza kulitambua lori kwa magurudumu tu.

Vumilia. Usinunie chakula.

Babu yako,
Osea Nzunda


Kambini,
26 Mei 2024

Shikamoo Babu,

Tumehitimu mafunzo ya awali! Gwaride lilipita mbele ya mgeni rasmi, na mimi nilikuwa mstari wa mbele. Wazazi wa wenzangu walikuja, wengine na keki. Sikutegemea mtu, kwa hiyo sikuumia sana. Yule wa Kigoma alinigawia mama yake, akanikumbatia kama wake.

Sasa nimepangiwa kilimo. Afande Marta, mkuu wetu wa bustani, ni mwanamke mkali asiyepandisha sauti. Ananifundisha vitalu vya miche, kuunganisha mabomba ya umwagiliaji, hata trekta nimeanza kuliendesha. Babu, nilipolizima bila kulikwamisha nilitamani ungekuwepo ujisifu kwamba ni damu yako.

Sasa nakuja kwenye jambo langu. Baada ya gwaride tuliruhusiwa simu. Nilimpigia Baba Mdogo saa nne asubuhi, nikaomba kuongea nawe. Akasema umelala. Nikapiga saa nane, akasema umelala. Wewe, uliyekuwa ukituita wavivu jua likitukuta kitandani?

Halafu nimesoma tena barua yako. Mtu aliyekaa kwenye kiti uani anaona lori zima. Anaona dereva, anaona turubai. Wewe unaona magurudumu tu. Nyumba ya Baba Mdogo ina geti la bati linaloacha nafasi chini. Babu, mbona geti halifunguliwi?

Nijibu hilo, mengine yatasubiri.

Nesta


Tunduma,
22 Septemba 2024

Mjukuu wangu,

Nimechelewa, na si posta iliyochelewa. Barua yako nilikaa nayo chini ya godoro miezi mingi. Kila nikianza kuandika naona aibu, nalaza kalamu.

Kwanza salamu: wote wazima. Mwinjilisti Andongwisye, anayeniletea barua zako akija kuniombea, anakusalimu na kukupongeza. Nami niliipigia saluti picha yako iliyotundikwa mlangoni, Rozi akanikuta.

Geti halifunguliwi kwangu. Ndiyo hivyo.

Nitakueleza jinsi ilivyokuwa, usimchukie baba yako mdogo. Mwezi wa pili nilichoka kukaa. Nikachukua fimbo, nikatoka kutafuta gari la Mlowo, niende shambani mara moja na kurudi. Nilikosea njia nikaingia katikati ya malori yaliyopanga foleni. Moja likaanza kurudi nyuma, watu wakapiga kelele. Dereva alinivuta kwa kola. Ferdinand alipofika nilikuwa nimekaa chini, suruali imelowa. Siwezi kuandika zaidi hapo.

Tangu siku hiyo kuna kufuli. Ufunguo anakaa nao Rozi, akienda dukani anaondoka nao. Simu yangu wamesema imeharibika, na barua zikija nyumbani wanazisoma wao kwanza, ndiyo maana tangu mwanzo nilikuagiza upitishe kanisani. Ferdinand anawaambia watu akili yangu imeanza kupungua. Nesta, akili yangu nzima. Nilipotea njia kwa sababu mji umejengwa upya, si kwa sababu nimepotea mimi. Lakini kila ninavyobisha ndivyo wanavyotazamana.

Ni yeye aliyeniokota shambani nilipoanguka, ukumbuke. Nililala kwenye matope kutwa nzima, mvua inaninyeshea, akanibeba mgongoni. Nadhani bado amenibeba, hajui jinsi ya kunishusha.

Nina njaa ya kahawa yangu, si ya kunywa. Msimu wa kuchuma unakwisha na hakuna anayeniambia nani amechuma. Ferdinand nikimuuliza anasema, "Iko salama, Baba." Wewe huko una watu wa Mbozi? Uliza.

Babu


Kambini,
17 Novemba 2024

Shikamoo Babu,

Nimesoma barua yako bustanini, mgongo nimewapa wenzangu. Asante kwa kuniambia ukweli. Afya yangu njema, mvua zimeanza, tunapanda mahindi. Tumpale binti wa kijiji chetu, wa upande wa mto, amejiunga na kundi jipya. Alipoisikia lafudhi yangu alinirukia shingoni. Tumeongea mengi ya nyumbani.

Babu, nataka kuja. Nilimwendea Afande Marta nikamwambia babu yangu amefungiwa. Akauliza, "Anapigwa?" Nikasema hapana. "Ananyimwa chakula?" Hapana. "Dawa?" Anapata. Akasema, "Basi ruhusa ya msiba siwezi kukupa, maana hakuna msiba. Na neno la kuiita hali hiyo sina." Hakunidharau. Alikuwa analitafuta neno kweli.

Nikiondoka bila ruhusa ni utoro. Mkataba wa miaka miwili unakufa, jina langu linatoka, na hata nafasi za ajira zikija sitaitwa. Usiku nahesabu faida ulizonifundisha, ujuzi, marafiki, kazi, halafu nakuona kwenye kiti. Nifanye nini, Babu? Ukisema njoo, nakuja.

Tumpale anakusalimu.

Nesta


Tunduma,
2 Februari 2025

Nesta,

Heri ya mwaka mpya. Krismasi tulikula pilau, nilipewa shati jipya la kukaa nalo uani.

Unauliza ufanye nini. Nakujibu: hutaondoka. Mimi sijawahi kutoroka zamu, na ukitoroka kwa ajili yangu sitakupokea. Nitageuza kiti niangalie ukuta. Sisemi kwa hasira. Kuna watu wawili wa ukoo huu waliofungwa sasa hivi, na ni kifungo chako peke yake chenye tarehe ya mwisho na cheti. Usije ukakibadilisha na changu.

Jambo la pili. Umeongea mengi ya nyumbani na Tumpale, umesema. Nilikuomba uulize habari moja tu, na hukuijibu. Nimeisoma barua yako mpaka mikunjo yake imechanika. Mtoto niliyemlea akinyamaza, najua ananyamazia kitu.

Basi nitakwenda kuona mwenyewe. Pasaka wananipeleka kanisani, siku hiyo watu ni wengi. Nyonga imepata nguvu, nimekuwa nikizunguka ua nikishika ukuta wakati Rozi yuko dukani. Usimwambie mtu.

Babu


Kambini,
30 Machi 2025

Babu, shikamoo. Sina muda wa salamu, unisamehe, barua yako imenikuta leo.

Usiende. Kahawa haipo. Baba Mdogo aliing'oa yote mwaka jana, amepanda parachichi. Tumpale aliniambia siku ya kwanza tulipokutana, na mimi nilishindwa kukuandikia. Niliona afadhali uendelee kuitamani kuliko ujue. Nilikosea.

Kaburi la Bibi lipo, limezungushiwa matofali. Babu, tafadhali, usiende kuyaona hayo peke yako.

Nesta


Mbozi,
25 Mei 2025

Mjukuu wangu Nesta,

Naandika nikiwa kwa jirani yetu Ombeni. Yeye na familia yake wazima, ng'ombe wake amezaa. Barua yako ya Machi ameniletea Andongwisye juzi. Ilifika kanisani nilipokwisha kuondoka.

Nilitoka ibadani siku ya Pasaka wakati wanaimba, nikamwambia mzee wa kanisa naenda kujisaidia. Nje ya kanisa kuna vituo vya bodaboda, kijana mmoja akanifikisha stendi. Konda wa gari la Mlowo alininyanyua kama gunia, akanikalisha mbele. Hakunidai. Nilipouona mlima wa upande wa kwetu nilicheka peke yangu, abiria wakadhani nimelewa.

Mlowo nikachukua bajaji. Tulipofika kwenye kona ya shamba nikamwambia dereva amekosea njia. Akasema, "Mzee, ni hapa ulipotaja." Nikabishana naye. Ndipo nikaona paa la nyumba yangu.

Nesta, ni vijiti. Vijiti vya kijani vyenye majani makubwa, vimepangwa mbali mbali, na mipira myeusi ya maji imelala chini kati yake. Mistari haikuwa yangu. Mtu aliyekuwa anafyeka akaniinukia kwa heshima akauliza, "Karibu mzee, unamtafuta nani?" Nilimwambia, "Naitafuta kahawa." Akasema hapa hapauzwi kahawa, niende Mlowo.

Kwenye kaburi la bibi yako pamefagiliwa, siwezi kusema uongo. Nilikaa hapo mpaka Ombeni alipopata habari akaja kunichukua. Nyumba yangu imejaa mifuko ya mbolea.

Ferdinand alifika kesho yake, macho mekundu. Alipiga magoti mlangoni kwa Ombeni. "Baba, tumekutafuta mpaka mochwari," akasema. Nikamuuliza, "Kahawa yangu iko wapi?"

"Niliing'oa."

"Kwa nini? Ungepanda hayo yako kwingine."

Akasema, "Kwa sababu ilikuwa inakuita. Nikikupa chakula unaitaja. Nikikupeleka hospitali unaitaja. Nilikuokota kwenye matope mara moja, Baba. Nikasema ikiisha, utatulia."

Nilitaka kumpiga fimbo. Mkono haukuinuka. Nilimwambia aondoke, akaondoka, na tangu siku hiyo nipo hapa. Fortunata mke wa Ombeni ananipikia uji. Chumba wamehamisha watoto ili nipate pa kulala. Mchana nakaa uani kwao natazama ng'ambo, shamba langu.

Hakuna geti hapa. Nakwambia ili ufurahi.

Babu


Kambini,
22 Juni 2025

Shikamoo Babu,

Nimelia, nimenawa, nimerudi kuandika. Wasalimie Ombeni na Fortunata, Mungu awalipe.

Nina habari, nimekwisha kuamua, kwa hiyo usinijibu kwa amri. Wametangaza nafasi za ajira katika jeshi moja la ulinzi. Majina ya vijana wa kujitolea waliofaa kwenda kwenye usaili yalisomwa kwenye paredi, na langu lilisomwa. Wenzangu walinibeba juu. Wakati wananirusha nilikuwa nafikiria kitu kimoja: ukipita usaili unaondoka moja kwa moja kwenye kozi, hakuna kupita nyumbani, na baada ya kozi unapangiwa popote wanapotaka.

Huwezi kukaa kwa Ombeni maisha yako yote. Kwa hiyo sitakwenda. Mkataba wangu unaisha mwezi wa kumi na moja, nitachukua cheti changu kwa heshima, nitakuja Mbozi, nitatoa mbolea ndani ya nyumba, tutakaa wote. Najua kulea miche. Nitakupandia kahawa upya hata kama ni kando ya uzio. Hiyo nayo ni faida ya jeshi, au siyo?

Afande Marta alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nimjibu baada ya kuongea na wewe. Sasa nimeongea.

Mchumba wako,
Nesta


Tunduma,
27 Julai 2025

Nesta mjukuu wangu,

Marahaba. Angalia juu kushoto nilipoandika jina la mji. Hukukosea kusoma.

Barua yako Fortunata aliniletea na uji. Niliisoma, nikamwomba Ombeni simu yake, nikampigia Ferdinand. Nilimwambia, "Njoo unichukue." Alidhani nimezidiwa, akaja na gari la kukodi na daktari.

Tulisimama kaburini kwa mama yake. Nikamwambia nina mambo mawili. La kwanza, kila mwezi unilete hapa, mvua au jua. Akakubali, akaapa mbele ya kaburi. La pili, ulitoe kufuli. Hapo akashika kichwa. "Baba, hilo siwezi. Nikiwa kazini nitaona lori kila dakika." Nilimtazama. Ana mvi, Nesta, na mimi sikuwa nimeziona. Nikasema basi, twende.

Nilipanda gari mwenyewe. Andika hilo moyoni mwako, hakuna aliyenibeba.

Sasa nisikilize. Ukija Mbozi hutanikuta. Nyumba ina mbolea, shamba lina parachichi, na Ombeni ana watoto wanaohitaji chumba chao. Hakuna mzee wa kutunza huko. Huku nako hakuna nafasi yako, Rozi amekwisha kumpa mpangaji chumba ulichokuwa ukilala. Nimehakikisha kabla ya kuandika.

Kwa hiyo nenda kwenye usaili.

Usiniambie nimekutendea vibaya, najua. Nilikulea ili ufike mahali ambapo mimi sijafika, sikukulea ili unishike mkono kwenda chooni. Simama wima ukiulizwa, jibu kwa sauti, usitazame chini.

Chakula ni kizuri. Magurudumu yapo.

Babu yako,
Osea


Kambini,
19 Oktoba 2025

Shikamoo Babu,

Nilikaa muda mrefu bila kukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira. Baba Mdogo amekufungia ndani, na wewe kutoka humo humo ndani umenyoosha mkono ukanifungia nje. Kila mlango niliokuwa nao wa kurudi umeupitia, umeuvuta ukagota. Hata chumba changu! Sikuwahi kujua u mjanja kiasi hicho.

Nilikwenda. Tulipimwa macho, mapafu, tulikimbizwa, halafu nikaingia kwenye chumba chenye maofisa watatu mezani. Nilikuwa nimekariri jibu zuri la uzalendo. Mmoja akauliza, "Kwa nini unataka kazi hii?" Jibu likanipotea. Nikasema, "Kwa sababu babu yangu amefunga milango yote nyuma yangu." Wawili walicheka. Yule wa katikati, mtu mzima, hakucheka. Akaniuliza babu yangu ni nani, nikamweleza kuhusu mwaka sitini na nane. Akaandika kitu, akasema nitoke.

Jana majina yamesomwa. Nimepita.

Tunaondoka kesho. Hawajatuambia tunapelekwa wapi, na simu na barua zitakuwa hazipo mpaka kozi iishe. Yule wa Kigoma hakupita, anarudi kwao na cherehani yake mwenyewe, maana amejifunza ushonaji hapa. Tumelia kama watoto. Afande Marta amenipa mkono, akasema nimshukuru aliyenilea, kwa hiyo nakushukuru kwa niaba yake, kwa sababu mimi mwenyewe bado siwezi.

Usimnunie Baba Mdogo. Mwambie akupeleke kwa Bibi mwezi huu kabla njia haijaharibiwa na mvua. Ongea na wale watoto hata kwa hicho Kibemba. Zunguka ua, nyonga isigande.

Nitakapopata likizo ya kwanza nitakuja moja kwa moja Tunduma. Nikukute, Babu. Siwezi kukuamuru kama ulivyoniamuru, naomba tu. Nikukute.

Nesta